Rubani akiwa mteja, nani atamfelisha?

Kikao kilifanyika Jumapili alasiri, uani kwa dada yangu, mtaa wa Pasiansi hapa Mwanza, chini ya mwembe. Daftari la michango alikuwa nalo shemeji. Mstari wa kwanza kiliandikwa kiwanja cha Buswelu. Wa pili, mtumbwi wa dagaa pamoja na injini yake. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mpwa wangu mwenyewe: "Ng'ombe wa Bibi, Magu." Kiasi kilichokuwa kikitafutwa ni dola 16,000 za Marekani, kama Sh40 milioni.

Mama yangu, mwenye ng'ombe, alisikiliza hesabu mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo wengi wetu tuliona haya kuliuliza.

"Si mlisema leseni ameshapata? Hii nyingine ni ya nini?"

Naomba nianzie hapo, kwa sababu swali hilo linaulizwa katika nyumba nyingi kando ya Ziwa Victoria, kila anaporudi kijana mwenye leseni ya urubani, shati jeupe kabatini na simu isiyoita.

Leseni ya rubani wa biashara humruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege. Haimruhusu kuingia kwenye ndege yoyote anayoikuta uwanjani. Kijana aliyejifunzia kwenye Cessna ya viti vinne hawezi kuketi mbele ya abiria 70 mpaka apate kibali cha aina ile ya ndege, ambacho marubani hukiita taipu retingi. Na kila aina ina chake. Rubani wa ATR za Precision Air hawezi kuamka kesho akarusha Bombadia za Air Tanzania, ingawa zote mbili ni pangaboi na zote huegeshwa mbele ya jengo lilelile la abiria hapa Mwanza.

Mafunzo yenyewe huchukua wiki sita hadi nane hivi. Kwanza ni darasani: umeme wa ndege, mafuta, breki, kinga ya barafu, mipaka ya injini. Kisha ni simuleta, chumba kizima cha rubani kilichosimamishwa juu ya miguu ya mashine, kinachoinama na kutikisika kama ndege iliyo angani. Humo wanafunzi wawili hukaa vipindi vinane hadi kumi, kila kimoja saa nne, wakipokezana: mmoja anarusha, mwenzake anasimamia vipimo na kusoma orodha ya ukaguzi. Mwisho ni mtihani mbele ya mtahini. Rubani mchanga huongezewa mizunguko kadhaa ya kuruka na kutua kwa ndege halisi isiyo na abiria. Baada ya hapo ndipo huanza kuruka na abiria chini ya kapteni mkufunzi, safari baada ya safari, mpaka aachiwe.

Bei ya kozi hiyo, ukiacha nauli na malazi, huanzia kama dola 15,000 na hupanda hadi 35,000, kutegemea ndege na chuo. Na hiyo inakuja baada ya familia kumaliza kulipia leseni yenyewe, ambayo mara nyingi imegharimu zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukiambiwa kuna chuo cha dola 16,000 unashukuru Mungu, unauza kiwanja.

Nasi tukauza.

Mpwa wangu alirudi baada ya wiki saba akiwa na cheti. Alama nzuri, mihuri yote ipo. Tulichinja mbuzi. Miezi mitatu baadaye shirika moja lilimwita kwa usaili, na sehemu ya usaili huo ilikuwa saa moja ndani ya simuleta. Alirudi nyumbani kimya. Nilimkuta jioni ameketi juu ya mawe kule Capripoint, anatazama kivuko cha Kamanga kikivuka. Nikamuuliza kilichotokea.

"Mjomba," akasema, "walinizimia injini ya kulia."

Sikumwelewa. Akanifafanulia taratibu, mikono yake ikiwa hewani kana kwamba bado ameshika usukani. Ndege inapokimbia kuruka, kuna kasi ambayo ukishaivuka huwezi tena kusimama, kwa sababu njia iliyobaki mbele haitoshi. Injini ikifa hapo, lazima uruke hivyohivyo na moja iliyobaki. Ndege huvutwa kwa nguvu upande wa injini iliyokufa. Unakanyaga pedali ya mguu wa pili kuinyoosha, unapanda, na ndipo wewe na mwenzako mnatambua pamoja, kwa sauti, injini ipi imekufa kabla ya mkono wa yeyote kugusa kitu. Hilo ndilo zoezi kuu la taipu retingi ya ndege ya injini mbili.

"Kule chuoni tulilifanya mara sita au saba. Mwalimu alikuwa anatuambia kabisa: haya, sasa nakuzimia ya kushoto. Kila mara ilikuwa ya kushoto. Simuleta iliharibika mara mbili, vipindi vikarundikwa, vingine saa nane ya usiku. Mwalimu alikuwa amechoka, sisi tumechoka, tunasainiwa tunaondoka. Siku ya usaili hakuna aliyenitangazia. Ikafa ya kulia. Mkono wangu ukaenda kushoto, Mjomba. Ulikwenda wenyewe."

Chuo kile sikitaji, na wala hakina haja ya kutajwa, kwa maana ugonjwa wake si wake peke yake. Ninachotaka kukitaja ni kile tulichokinunua. Tulidhani tunalipia mafunzo, kumbe tulilipia cheti. Mwalimu yule hakuwa na sababu hata moja ya kumfelisha mpwa wangu. Mwanafunzi ndiye aliyeleta fedha. Akifeli atalalamika, atadai arudishiwe, ataharibu jina la chuo kwa wenzake. Akifaulu ataondoka anashukuru. Na ubovu wa mafunzo hautamrudia mwalimu; utafunguka miaka miwili mbele, kwenye anga ya nchi nyingine, pamoja na watu ambao chuo hakitawajua majina.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Mafunzo ya rubani yalipiwe na yule atakayeumia yakiwa mabovu. Na pale ambapo familia italazimika kulipa, ijue kwamba kitu cha thamani inachokinunua ni mwalimu mwenye ujasiri wa kumwambia mtoto wao: hujaweza, rudia.

Msomaji anaweza kuona natia chumvi kwa sababu ya machungu ya nyumbani. Basi tutazame kumbukumbu za dunia, tena kwa ndege zilezile tunazozipanda hapa.

Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72 ya shirika la TransAsia iliruka kutoka Taipei, Taiwan. Muda mfupi baada ya kuruka, mfumo wa injini ya kulia ulileta hitilafu na panga lake likajiweka katika hali ya kutovuta. Injini ya kushoto ilikuwa nzima kabisa. Kapteni akaipunguza nguvu hiyo nzima, kisha ikazimwa. Alipotambua kwamba ameshika upande usio wake, muda ulikuwa umekwisha. Ndege iligonga daraja la barabara na kuangukia mtoni. Kati ya watu 58 waliokuwamo, 43 walikufa. Wachunguzi walipofungua majalada yake walikuta kwamba mwaka 2014 alikuwa amefeli mtihani wa kupandishwa cheo, na kwamba mmoja wa wakufunzi wake aliandika kuhusu wasiwasi wake na udhaifu wake katika zoezi la injini kufa baada ya kuruka. Kasoro ilionekana, ikaandikwa, halafu ikapitishwa. Niliposoma taarifa ile niliufikiria mkono wa mpwa wangu uliokwenda wenyewe.

Sasa Bombadia. Tarehe 12 Februari 2009, Q400 ya kampuni ya Colgan ilikuwa inakaribia Buffalo, Marekani, usiku. Mwendo ulipungua mno, usukani ukaanza kutikisika mkononi mwa kapteni kumwonya kwamba mbawa zinakaribia kuishiwa hewa ya kuzibeba. Jibu lake linafundishwa siku za mwanzo kabisa: shusha pua, ongeza nguvu. Yeye akavuta usukani. Walikufa wote 49 waliokuwa ndani na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Ikabainika kwamba kapteni alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya urushaji katika maisha yake na mwajiri hakuijua yote. Kwamba aliwahi kupitia programu ambayo rubani hulipa mwenyewe ili apate saa za kuruka. Na kwamba kifaa kinachosukuma pua ya ndege chini pale mwendo unapokwisha alikuwa amefundishwa darasani tu, bila kukijaribu kwenye simuleta. Familia za waliokufa zilikwenda Bunge la Marekani na kukaa mlangoni mpaka sheria ikapita mwaka 2010. Tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria nchini humo kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka, simuleta lazima zifundishe namna ya kutoka katika hali ile, na ikaagizwa kuwe na kanzidata ya kumbukumbu za marubani ili aliyefeli huku asijifiche kule.

Hata kampuni kubwa hukwepa gharama ya mafunzo. Boeing ilipoiuza 737 MAX, kivutio kimojawapo kilikuwa kwamba rubani wa 737 ya awali hahitaji kurudi kwenye simuleta. Shirika la Southwest la Marekani liliahidiwa punguzo la dola milioni moja kwa kila ndege endapo simuleta ingehitajika. Marubani wakapewa somo fupi la kwenye kompyuta, lisilotaja mfumo mpya uliokuwa na uwezo wa kusukuma pua ya ndege chini. Oktoba 2018 Indonesia ikazika watu 189. Machi 2019 Ethiopia ikazika 157. Leo Air Tanzania ina MAX zake, ya kwanza ikiwa imepokelewa Oktoba 2023, na mafunzo yake sasa yanapitia kwenye simuleta. Somo hilo limelipiwa na watu 346.

Jirani zetu nao wana kaburi la aina hiyo. Mei 5, 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliruka Douala, Cameroon, usiku wa mvua, ikalala upande wa kulia taratibu bila marubani kutambua mapema, na watu wote 114 wakafa. Uchunguzi ulitaja kupotea kwa uratibu kati ya marubani wawili, na majalada yao ya mafunzo yalikuwa na maelezo ya udhaifu wa tangu zamani. Hapo tena: karatasi ilikuwa inajua.

Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kuhubiriwa gharama ya chombo kisichosimamiwa. Makaburi ya meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996, yako Igoma, na watoto wetu hupita hapo wakienda shule. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara na kuua watu 228. Machi 2005 ndege ya mizigo aina ya Ilyushin, iliyosheheni minofu ya sangara, iliruka Mwanza na kuangukia ziwani pamoja na wafanyakazi wake wote wanane. Na Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air namba PW494, ATR 42 iliyobeba watu 43, iliingia majini karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi walifika kwa makasia, mlango wa nyuma ukafunguliwa, 24 wakatoka hai. Kumi na tisa hawakutoka, wakiwamo marubani wote wawili. Siitaji ajali ile ili kumhukumu yeyote. Sina haki hiyo, na marehemu hawezi kujitetea. Naitaja kwa sababu asubuhi ile ilimwonyesha kila mtu wa Kagera na Mwanza hali ya hewa ambayo kijana wetu atafanyia kazi.

Ziwa hili lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hushuka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hukutana, hupanda juu, na kuzaa mawingu ya radi. Upepo wa mashariki huyasukuma, na alfajiri hadi asubuhi yanakuwa juu ya pwani ya magharibi, ndiyo maana Bukoba hunyesha wakati Mwanza jua limeshatoka. Uwanja wa Bukoba ni mfupi na unakaribia kulamba maji. Mwanza una njia ndefu, zaidi ya kilomita tatu, lakini uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa joto injini moja iliyobaki huinua ndege kwa shida kuliko ingeinua Dar es Salaam. Rubani aliyefundishwa ndani ya simuleta iliyowekewa anga tulivu na uwanja wa usawa wa bahari, kwa vipindi vyote kumi, amefundishwa kurusha ndege ya nchi nyingine.

Kwa hiyo mzazi aulize nini? Sisi tuliuliza bei na tarehe. Nimejifunza baadaye kwamba maswali ya kweli ni mengine, na chuo kizuri hukujibu bila kukunja uso.

Uliza kwanza kama chuo na simuleta yenyewe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kabla hujalipa hata shilingi. Cheti kisichoingizwa kwenye leseni ya Tanzania ni picha ya ukutani. Uliza simuleta ni ya toleo lipi la ndege: ATR 72 ya zamani ina saa za mishale, mpya ina skrini, na shirika ambalo kijana anaomba kazi lina toleo lake. Uliza saa ngapi hasa ndani ya simuleta, na ni nani atakaa kiti cha pili. Akiwa mwanafunzi mwenzake anayejifunza kweli, vizuri. Akiwa mtu yeyote aliyeokotwa kujaza kiti, nusu ya mafunzo imepotea, kwa sababu ndege hizi hurushwa na watu wawili, na Douala inatufundisha nini hutokea wawili wakishindwa kuwa timu.

Uliza mwalimu ametoka wapi. Je, amewahi kuirusha ndege hiyo na abiria, kwenye mvua, akiwa amechelewa na mafuta yanahesabika? Au naye alihitimu juzi, akabaki chuoni kwa kukosa ajira? Uliza dharura zitatangazwa au zitamkuta. Uliza kama watafanya upepo unaogeuka ghafla karibu na ardhi, na kukatisha kutua kisha kupaa tena. Uliza kama kutua kwa ndege halisi kumo ndani ya bei.

Halafu uliza swali ambalo wengi hawalipendi: wangapi walifeli mwaka jana? Chuo kikijibu kwamba kwetu hafeli mtu, chukua fedha zako uondoke. Hakuna darasa la watu wazima wanaojifunza jambo gumu ambalo wote hulipata mara ya kwanza. Chuo kinachofaulisha wote kimeacha kupima.

Na la mwisho, uliza kazi iko wapi. Taipu retingi si cheti cha kidato cha nne kinachokaa sandukuni miaka 20. Kwa kawaida huhitaji kuhuishwa kwa mtihani kila mwaka, na ujuzi wa mikono huanza kutoka mapema zaidi. Kijana anayenunua kibali cha ndege fulani bila barua ya ajira ni sawa na mvuvi anayenunua barafu kabla hajapata mtumbwi.

Lakini ni makosa kuiachia familia ya Pasiansi kazi ya kukagua vyuo vya urubani vya nje ya nchi. Mama mwenye ng'ombe Magu hawezi kuijua simuleta, na hapaswi.

Haikuwa hivi zamani. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha usafiri wa anga Soroti, Uganda, na nchi tatu zikapeleka vijana wao kwa gharama ya umma. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na East African Airways ikafa, kila nchi ikabaki na shirika lake, na chuo kikabaki Uganda. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimekuwa kikijijenga kufundisha marubani hapa nchini kwa msaada wa mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia, na hilo ni jambo la kupongezwa. Ila leseni ya mwanzo ni nusu ya safari. Simuleta za ndege kubwa tunazozipanda zinafuatwa mbali: Johannesburg na Toulouse kwa ATR, Addis Ababa kwa Bombadia na Boeing. Kijana anafika mlangoni mwa ajira, anaambiwa ufunguo unauzwa ng'ambo.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, mashirika yalipie taipu retingi ya rubani yanayemwajiri, naye asaini mkataba wa kutumikia. Najua jibu la mashirika: tukiwafundisha wanakimbilia Ghuba. Hofu hiyo ni ya kweli, na mkataba ndio dawa yake, mradi uwe wa haki: deni lipungue kila mwezi anaotumikia, lisimfunge mtu maisha, na lisimlazimishe kuruka akiwa mgonjwa au amechoka kwa kuogopa deni. Faida yake ni kubwa kuliko akiba ya familia. Shirika linalolipa kwa fedha yake litachagua chuo kwa makini, litatuma mkaguzi wake, litataka kuona jalada la kila kipindi, kwa sababu likidanganywa ni ndege yake, abiria wake na jina lake. Hapo mlipaji na mwenye kuumia wanakuwa mtu mmoja. Na hapo mtoto wa mvuvi wa Ukerewe mwenye mikono mizuri atakaa foleni moja na mtoto wa mwenye nacho.

La pili, TCAA itake jalada zima la mafunzo na si cheti peke yake, na ichapishe kila mwaka, kwa kila chuo kilichoidhinishwa, Watanzania wangapi walipita, wangapi walifaulu mara ya kwanza, wangapi waliongezewa vipindi. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyoidhinishwa Tanzania katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga yake, ukitaja upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi. Tunaweza kukasirika, na wengine wamekasirika. Lakini dawa ya kushukiwa ni kufungua vitabu.

La tatu, simuleta iletwe Afrika Mashariki kwa pamoja. Bombadia aina ya Q400 zinarushwa na Air Tanzania, Jambojet ya Kenya na RwandAir. Nchi moja haina marubani wa kutosha kuifanya mashine hiyo ijilipe. Kadhaa zikiungana zinaweza kuwa nao. Tuliweza Soroti mwaka 1971 tukiwa maskini kuliko leo. Na simuleta yetu tungeiwekea viwanja vyetu: kijana angetua Bukoba asubuhi ya mvua mara hamsini kabla hajambeba mtu mmoja kwenda huko.

Mpaka hayo yatimie, familia zitaendelea kukaa chini ya miembe na kufungua madaftari. Sisi tulilifungua tena. Safari hii shirika lililomfelisha mpwa wangu lilifanya jambo la kiungwana: lilimwambia arudi akijifunza upya, na likamtajia chuo linachokiamini. Bei ilikuwa dola 24,000. Mtumbwi ulikwisha kwenda, kwa hiyo tulikopa.

Katika kipindi cha saba akapiga simu usiku, sauti imekauka. Mwalimu alimzimia injini bila kusema, wakati ndege inakunja kona, ndani ya mawingu. Aliitambua ile yenyewe, lakini mkono ulikwenda kwenye wenzo kabla mwenzake hajathibitisha. Mwalimu akasimamisha mashine na kuandika kwamba hajaweza. Arudie kipindi kizima, saa nne, kwa gharama yake. Alikuwa anaomba msamaha.

Nilikwenda Magu mwenyewe kumweleza mama, kwa sababu fedha ya kipindi hicho haikuwapo na ng'ombe ndiye aliyebaki. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: injini, mkono, mwenzake, kusubiri kauli ya pili. Akanyamaza kidogo.

"Yule mwalimu wa kwanza," akauliza, "aliwahi kumrudisha hata mara moja?"

"Hapana, Mama."

Akainuka, akaelekea zizini kunionyesha ng'ombe mwenyewe.

"Basi huyu apelekwe kwa huyo anayerudisha."